Sauti ya Mtani Wangu

2 Desemba
Mvua imeanza rasmi, na kompyuta ya studio imekufa rasmi. Windows ya wizi aliyoiweka Egidi imeingiwa na virusi, na kazi zetu zote zimefungwa, hazifunguki hata moja. Egidi ndiye mwenye studio. Ameamua kwa hasira kwamba kuanzia leo tunatumia Linux. "Ni ya bure, na virusi haviijui," alisema. Mimi Chande, fundi wake wa pekee hapa Majengo, Songea, nimeambiwa niijue kabla ya wiki kuisha. Yeye akaenda kunywa chai.

4 Desemba
Programu ya kurekodia imekubali kuingia. Inafunguka vizuri, ina rangi nzuri, na haisikii kitu. Inasema hakuna kifaa chochote cha sauti. Maikrofoni iko mbele ya pua yangu na taa yake inawaka.

5 Desemba
Vilevile.

6 Desemba
Nimeelewa. Programu hii inakuja ikiwa imefungiwa kwenye sanduku lake. Haioni mafaili ya kompyuta, haioni vifaa, haioni chochote cha nje mpaka uipe ruhusa, tena ukitaja kitu kwa jina. Sauti zote za kompyuta zinapita kwa seva ya sauti, na hiyo seva ndiyo inayogawa nani asikie maikrofoni na nani atoe kelele kwenye spika. Seva iko nje ya sanduku, programu iko ndani, na hawajuani. Nikaandika ruhusa, nikagonga maikrofoni, mshale wa kupima sauti ukaruka. Nilipiga ukelele mpaka muuza mitumba wa jirani akaja kuuliza kama nimepigwa shoti.

9 Desemba
Leo amekuja Bi Notburga wa Mfaranyaki, mwalimu wa kwaya ya parokia. Wanataka albamu ya Pasaka. Nilikuwa nimesikia habari zake: mazoezini hukusanya simu zote za wanakwaya kwenye kapu na kulikalia, ndiyo maana hakuna mtu mwenye hata sekunde moja ya sauti yake. Yeye hufundisha tu. Misani hunyoosha mikono, wengine wanaimba. Safari hii ataimba mwenyewe, wimbo mmoja wa Kingoni aliokuwa akiimbiwa na mama yake shambani, ameutilia maneno ya kutolea vipaji kwenye misa. Hajamfundisha mtu.

Alinitazama kuanzia viatu. "Egidi, huyu ndiye fundi? Kwao wapi?"

"Nakapanya, mama. Tunduru huko," Egidi akajibu.

"Myao!" Akapiga makofi. "Kumbe umeniwekea mtumwa wetu! Babu yangu aliwateka hawa, akawaachia maana kulima hawajui."

Wangoni na Wayao ni watani, na kwenye utani hakuna kununa. Nikamwambia babu yake alituachia kwa sababu alikuwa amelewa, na alipozinduka tulikuwa tumeshaondoka na mbuzi wake.

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Nimeisahau Nakapanya, mtani."

Akacheka, akakohoa muda mrefu, akasimama kwenye maikrofoni. Alipoanza kuimba Egidi aliacha kuchezea simu. Ni sauti nzito, ya chini, haina pambo hata moja, na inakufanya ukae wima. Lakini spika zilitoa mikwaruzo mitupu, kama mtu anakaanga karanga. Nikasema tatizo ni seva. Akasema, "Tatizo ni Myao. Rudia." Tukarudia mpaka mvua ikaanza kupiga bati na hapakusikika tena kitu.

12 Desemba
Mikwaruzo. Mvua. Umeme umekatika mara mbili.

16 Desemba
Amekuja na Hilda, msaidizi wake kwenye kwaya, mwanamke wa makamo mwenye sauti tamu na mdomo mtamu zaidi. Hilda aliimba sehemu yake vizuri tu. Notburga akamwambia mbele yetu, "Unaimba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Rudia." Hilda akarudia huku machozi yanamlengalenga. Simpendi Notburga. Huu sio utani, naandika ninavyojisikia.

19 Desemba
Leo nimelipiza, na nimelipiza vizuri.

Aliimba ubeti wa kwanza wote bila kukatisha, akaenda chooni. Nikaupiga kwenye spika. Kumbe programu ndani ya sanduku inahesabu sauti kwa kasi moja, na seva huko nje inaicheza kwa kasi mara mbili yake. Lile dude zito likatoka limekuwa sauti ya kitoto, nyembamba, linakimbia kama panya aliyemwagiwa maji ya moto. Egidi alianguka kwenye kochi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, na huku nacheka nikashika simu nikarekodi kutoka kwenye spika, kicheko changu na mvua ya kwenye bati vyote vikiingia humohumo. Nikatuma kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, wameniweka mle kwa ajili ya ratiba. Nikaandika: "Mwalimu wenu huyu hapa."

Alirudi akakuta bado tunapangusa macho. Nikafuta ule ubeti kwenye kompyuta, haukuwa na kazi.

21 Desemba
Grupu zima linacheka. Wanamwita Mama Panya. Hilda ameuweka kuwa mlio wa simu yake.

22 Desemba
Egidi anasema jana Notburga aliingia mazoezini na simu ya Hilda ikalia ndani ya kapu alilolikalia yeye mwenyewe. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Alikaa mpaka simu ikanyamaza, kisha akasema, "Tuanze." Sina cha kujutia. Yeye amewaliza wangapi?

27 Desemba
Kasi nimeirekebisha. Programu na seva sasa vinahesabu sawa. Mikwaruzo bado ipo.

6 Januari
Notburga alikuja peke yake, miguu imejaa matope, akafunga mlango nyuma yake. Nilijua matusi yanakuja. Nikayaandaa ya kwangu.

"Ule mlio wa simu," alisema. "Ulinitengeneza vizuri."

"Utani tu, mtani."

"Najua. Ulikuwa mzuri. Ungekuwa mbaya ningekufanyia kitu." Akakaa. "Sasa nisikilize. Koo langu lina ugonjwa mbaya. Mwezi wa pili wananipeleka kukatwa. Koromeo lote linatolewa, nitapumulia tundu la hapa." Akagusa shingo chini ya kitambaa. "Nikirudi sitakuwa na sauti. Sio ya kuimba tu. Hata ya kukutukana. Kwa hiyo hako kamashine kako kanatakiwa kafanye kazi kabla ya hapo."

Nikamuuliza kama kwaya inajua.

"Wakijua wataanza kunipenda," alisema, akaondoka.

7 Januari
Nimeufuta ule ubeti kwenye simu yangu. Nilikuwa nacheka koo la mgonjwa. Sijisikii vizuri.

11 Januari
Nimekipata chanzo cha mikwaruzo. Kazi ya sauti inatakiwa ihudumiwe kwanza kabla ya kazi nyingine zote za kompyuta, na hiyo haki ya kutangulia programu iliyo ndani ya sanduku haipewi. Inapanga foleni na wengine, inachelewa, na kila ikichelewa unatokea mkwaruzo. Dawa ni kuiruhusu ikusanye sauti nyingi kwa pamoja ndipo iipeleke. Mikwaruzo inakwisha, ila sauti inafika masikioni mwa mwimbaji ikiwa imechelewa.

14 Januari
Tumejaribu. Ni safi. Lakini yeye akavua visikilizio akavitupa. "Najisikia nikija nyuma yangu, kama mzimu." Nikamwambia hakuna njia nyingine. Akasema, "Basi niimbe bila kujisikia. Wimbo naujua. Rudia."

18 Januari
Mvua kutwa. Bati linanguruma. Hatujafanya kitu.

23 Januari
Mvua. Alikuja, akakaa kwenye kochi akisubiri itulie, haikutulia, akaondoka. Amepungua. Hilda naye alipita, akamwamkia kwa heshima ya kinafiki. Notburga akamwambia, "Kanywe asali, umepauka sauti." Hata anayekufa ana mdomo.

30 Januari
Alhamdulillahi. Asubuhi ilikuwa na ukungu bila mvua. Nilizima friji ya Egidi, nikamwomba muuza mitumba azime redio, nikafunga madirisha. Akaimba wimbo wote. Mwishoni akasema mwenyewe, "Hapana. Rudia." Akaimba tena. Pale kwenye ubeti wa mwisho sauti ilipasuka kidogo, akaishika hapohapo akapanda nayo. Sijawahi kurekodi kitu kama hicho na sidhani kama nitarekodi kingine.

Nikampigia kwenye spika. Alisikiliza kasimama, mkono umeshika ukuta.

"Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo, mtani."

"Mama yangu alikuwa ananizidi," alisema. "Usiupoteze."

Nikahifadhi kwenye folda ya Kwaya. Jioni nikainakili folda ya Kwaya kwenye flashi, nikaitia mfukoni. Mimi sio mjinga.

2 Februari
Kesho anasafiri. Nyumbani kwake Mfaranyaki kumejaa watu wa kwaya, wanawake wamekaa mkekani na nyuso za msibani, Hilda analia kuliko wote. Sasa wanajua, na wameanza kumpenda kama alivyosema.

Nilikwenda na futi ya fundi seremala. Sikumwamkia mtu. Nikamfuata alipolala, nikamnyoosha miguu, nikaanza kumpima kichwani hadi kisiginoni huku nasema kwa sauti kwamba mbao zimepanda bei, kwa hiyo itabidi akunjwe magoti. Mkwewe alinirukia kunipiga. Wazee wakamshika: "Mwache, mtani huyo." Notburga alicheka mpaka akatema damu kwenye kitambaa. Akanivuta sikio langu kwenye mdomo wake.

"Wote hawa wananizika na mimi nasikia," alisema. "Wewe peke yako umekuja kunitembelea."

Nilirudi kwa miguu kwenye mvua. Nampenda yule mama. Sijui ilianza lini.

5 Februari
Wamempasua. Yuko hai.

11 Februari
Naandika hiki kitu maana sina wa kumwambia.

Asubuhi kompyuta ilijisasisha. Nilipofungua programu, ikarudi kule kule kwa mwanzo: hakuna kifaa chochote cha sauti. Vijana wawili wa Bongo Fleva walikuwa wamekaa kwenye kochi wanasubiri, Egidi anapita nyuma yangu anapumua kwa nguvu. Nikatoa ruhusa upya, ikakataa. Nikawasha seva upya, ikakataa. Nikasoma kwenye jukwaa la mafundi, mtu mmoja ana tatizo lilelile, na mwingine amemjibu: iondoe programu pamoja na data zake zote, iingize upya, itapona. Waliofuata wote wameandika asante.

Nikaandika amri. Kompyuta ikauliza kama nina hakika nataka kufuta data. Nilipapasa flashi mfukoni kwanza. Wallahi niliipapasa. Nikabonyeza ndiyo.

Ikaingia upya, ikasikia maikrofoni, vijana wakarekodi upuuzi wao, Egidi akanigonga bega kunisifu. Walipoondoka nikachomeka flashi nisikilize wimbo wa Notburga, basi tu, nilitaka kuusikia. Folda ya Kwaya ilikuwa na karatasi ya maneno ya wimbo na picha ya kwaya wamevaa sare. Hakuna kingine.

Ndipo nikaelewa. Programu iliyofungiwa kwenye sanduku ina nyumba yake humo ndani. Niliipa ruhusa ya sauti, sikuipa ruhusa ya mafaili. Kwa hiyo niliposema hifadhi, ilitengeneza folda yake ya Kwaya ndani ya sanduku, na mimi nilikuwa na folda yangu ya Kwaya huku nje. Jina moja, nyumba mbili. Nimenakili ile tupu. Ile yenye sauti nimeiteketeza pamoja na sanduku, kwa mkono wangu, baada ya kuulizwa kama nina hakika.

Nimejaribu kila programu ya kufufua mafaili. Diski imekwisha kujisafisha. Imenirudishia vipande vya matangazo ya duka la simenti.

Aliniambia usiupoteze. Hilo neno ndilo la mwisho aliloniambia humu ndani.

13 Februari
Nimemwambia Egidi. Nilidhani atanifukuza. Alifikiri, akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichopotea. Hilda aimbe kwa sauti nzito, wewe ishushe kidogo, tia mwangwi. Yule mama ametoka kwenye sindano na dripu, atakumbuka nini?"

Nikamwita mtu mbaya. Akaniuliza kama nina njia nyingine. Sikuwa nayo.

26 Februari
Hilda amekubali haraka mno. Wimbo aliujua wote. Kumbe alikuwa akisikiliza mlangoni siku zile tunarekodi.

2 Machi
Ramadhani. Nafunga na uongo mdomoni, sijui kama funga hiyo ina faida.

6 Machi
Tumemrekodi Hilda. Seva haikuleta shida hata moja, programu haikukwaruza, hata mvua ilinyamaza. Nimeishusha sauti yake, nimeitia mwangwi. Inafanana. Hilda akasikiliza, akatabasamu: "Mimi mwenyewe nisingejua." Nilitamani kumpiga, halafu nikakumbuka ni nani aliyebonyeza ndiyo.

15 Machi
Amerudi Songea. Mahindi mabichi yanachomwa kila kona na mimi nimefunga. Sijakwenda kumwona.

22 Machi
Alikuja mwenyewe. Amebaki mifupa na macho, shingoni ana kitambaa cheupe kinachopanda na kushuka akipumua. Kwenye simu yake aliandika kwa herufi kubwa, akanigeuzia: MYAO. NIPIGIE.

Egidi alinikonyeza. Hilda alikuwa kasimama mlangoni, kaja naye kumshika mkono. Nikaupiga.

Alisikiliza mistari miwili. Akageuka polepole, akamnyooshea Hilda kidole. Hakuwa na haja ya kuandika. Hilda akainamisha kichwa.

Akanigeukia mimi. Nilisema yote: sanduku, folda mbili, flashi, swali nililoulizwa. Egidi alijaribu kuingilia kwamba ni makosa ya mtambo. Nikamwambia anyamaze, mtambo uliniuliza. Notburga alitazama maikrofoni. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, sijawahi kuona mtu akipewa habari za msiba wake mwenyewe akiwa hawezi hata kupiga yowe.

Ndipo Hilda akasema, kwa kunong'ona, "Mimi bado ninayo ile ya panya."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Nikampokonya simu. Ubeti mmoja, kasi mara mbili. Kama kasi iliongezwa mara mbili, ikipunguzwa kwa nusu anarudi yeye. Nikaiingiza, nikaipunguza, nikabonyeza.

Akatoka. Sauti nzito, ya chini, imefifia kidogo kama inatoka chumba cha pili, lakini ni yeye, hakuna mwingine duniani. Kitambaa cha shingoni kikaacha kupanda kwa muda. Halafu chini ya sauti yake kikaanza kitu kingine. Mvua ya kwenye bati, imekuwa matone mazito ya polepole. Na juu ya mvua, mgumio mrefu, mzito, wa kukatakata, kama ng'ombe anayechinjwa kwa kisu butu. Unaanza pale wimbo unapopanda na hauachi mpaka mwisho.

Aliandika: NANI HUYO.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa nakucheka."

Nilijua nimemwita mama. Nikapiga goti palepale kwenye zulia. "Shikamoo."

Nikamwambia nitajaribu kukitoa hicho kicheko, ingawa kimeshikana na sauti yake, nikikitoa kitaondoka na nusu yake. Akatikisa kichwa. Aliandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena, akanipa simu nisome mwenyewe.

HAPANA. UWEKE HIVYOHIVYO KWENYE ALBAMU. WIMBO WANGU NA KICHEKO CHAKO. KILA PASAKA WAKUSIKIE.

20 Aprili
Pasaka. Mvua ya mwishomwisho. Uzinduzi umefanyika kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine. Ulipofika wimbo wake ukumbi ulinyamaza hadi watoto. Kilipoanza kicheko changu watu wakatazamana. Mgeni rasmi aliinama kwa katekista, akauliza kwa sauti iliyosikika, "Ni ngoma gani hiyo chini? Au mnyama?"

Notburga alikuwa kiti cha mbele. Alisimama, akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya ukumbi mzima, akakiacha hapohapo mpaka kila kichwa kikageuka kunitazama. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wananitazama mimi tu.

Midomo yake ikatamka neno moja. Hapakutoka kitu, ila nililijua, nimelisikia kwake tangu siku ya kwanza.

Nikarudia.